Crown au Mark X? Muulizeni anayekaa siti ya nyuma!

Hapa kwetu Mbalizi ukitaka kuzua ubishi usioisha, achana na Simba na Yanga. Nenda kijiweni pale stendi, uliza tu, "Jamani, Crown na Mark X, lipi ndilo gari?" Halafu kaa pembeni ule karanga zako. Utamkuta jamaa hana hata baiskeli, lakini atakuchambulia taa, rimu na mlio wa ekzosi utadhani yeye ndiye aliyelichora.

Basi bwana, ubishi huo juzijuzi ulihamia sebuleni kwetu. Baba mdogo, ambaye ni mfanyabiashara wa mchele, mzigo wake ulitoka vizuri, akatangaza kwamba sasa ananunua gari la kutembelea. Moja tu, la kila siku. Roho yake ilikuwa kwenye Crown Athlete nyeusi, ile ambayo ikipita watu wanageuza shingo. Mwanawe wa kwanza akakomaa na Mark X, eti ndiyo ya vijana, na bei haiumi sana.

Mwenzenu nikawachomekea moja, wakanyamaza kidogo. Crown ile iliyotoka Desemba 2003 na Mark X ya kwanza, ya Novemba 2004, ukifungua boneti unaweza kukuta injini ileile: 4GR, V6, lita 2.5. Hata nafasi kati ya tairi la mbele na la nyuma ni moja, sentimita 285. Crown imezidi urefu kwa sentimita kama 11 hivi, basi. Sasa anayekuapia kwamba moja ni moto na nyingine ni maji, huyo anasifia nembo. Na maradhi yake ni mamoja pia. Injini hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu hazioshwi na mafuta na masizi yanajijenga. Fundi aliyezoea Mark II za zamani, zile GX100, anaweza kukufungulia halafu akabaki anakuna kichwa.

Lakini hili gari lilikuwa na kazi, na hapo ndipo palipo na uzito. Mama mdogo figo zake zimechoka. Mara tatu kwa wiki anapanda Hospitali ya Rufaa Mbeya kusafishwa damu, na kila safari ni kama masaa manne kwenye mashine. Kurudi alikuwa anarudi na daladala, kabanwa kama dagaa, kichwa kinazunguka. Njia yenyewe si mnaijua? Mlima Iwambi, malori ya Tunduma na Zambia yanakohoa mbele yako, gia, breki, gia, breki. Tangu uanze ule ujenzi wa njia nne wa kilometa 29 kati ya Nsalaga na Ifisi, ongeza na vumbi la michepuko.

Dalali mmoja wa mjini akatuletea magari matatu kwa siku moja. Nikasema mama mdogo akae nyuma kwenye kila moja, tuzunguke naye. Wanaume tukapanda mbele kama wapambe. Mark X alivumilia, akasema si mbaya. Athlete, yenye springi ngumu, rimu kubwa na tairi nyembamba kama chapati, haikufika hata mbali.

"Mwanangu, nishusheni. Hili linanirusha tumbo."

La tatu lilikuwa Crown Royal Saloon, nyeupe, injini ileile, springi laini. Huko nyuma kimya. Tulipopita kwenye shimo nikamsikia anasema, "Eeh, hapa sasa."

Baba mdogo uso ukamshuka. "Aa, hili gari la wastaafu bwana! Nitaonekanaje sokoni?"

"Kwani figo zangu, baba watoto, si zimeshastaafu?"

Dalali mwenyewe alicheka mpaka akasahau bei aliyokuwa anaing'ang'ania, na kabla hajaikumbuka tukamshusha. Mwanawe wa kwanza hakucheka, mpaka leo kanuna. Fundi akachomeka kompyuta yake, akabadilisha plagi na oili, akasema twende.

Jumatatu safari ya kwanza. Kurudi, tulipovuka Iyunga, nikageuka kumuuliza kama hali ni shwari. Alikuwa kalala, mdomo wazi, anakoroma. Baba mdogo akanyoosha mkono, akazima redio.