Nani Alikuwa Usukani?

Nimeandika makala kumi na moja kuhusu boti za Marekani na chombo pekee cha majini nilichowahi kupanda ni feri ya Likoni. Kazi za mtandaoni ndivyo zilivyo. Mteja yuko Florida, mimi niko Kahawa Wendani nikihesabu dakika za bando, na Mmarekani aliyeshikwa akiendesha boti amelewa anasoma ushauri wa kijana aliyeacha chuo mwaka wa tatu juu ya karo. Mwenye tovuti ni kampuni ya mawakili. Jina langu halitokei popote.

Makala nyingi huwa naandika na kusahau. Hii ilinishika.

Sheria yenyewe ni rahisi. Serikali kuu ya Marekani inasema ukiendesha boti ya starehe na pombe ya asilimia 0.08 kwa damu, una kesi. Kwa vyombo vya biashara ni 0.04. Usidhani ni boti za injini pekee. Walinzi wa Pwani wao wanasema hata mtumbwi wa kupiga kasia umo. Tena wanaweza kupanda chombo chako bila kibali cha korti. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilikubali maafisa wapande kukagua stakabadhi hata kama hawakushuku kitu, wakati miaka minne tu kabla ya hapo mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekataza polisi kusimamisha gari moja moja ovyo ovyo.

Halafu kuna vipimo. Barabarani mlevi huambiwa atembee kwa mstari. Majini, mtu mzima kabisa huyumba, hata akishuka bado miguu inadhani iko kwa mawimbi. Kwa hivyo wakabuni vipimo vya kukaa: unagusa pua kwa ncha ya kidole, unapiga kiganja kwa kiganja ukigeuza mkono huku ukihesabu, unafuata kalamu kwa macho bila kusongesha kichwa. Nilizijaribu zote nikiwa kitandani. Ile ya viganja ilinishinda, na sikuwa nimeonja hata chai.

Kinachoshangaza ni kwamba katika majimbo mengi chupa iliyofunguliwa ndani ya gari ni kosa, lakini ndani ya boti si kosa. Anayeendesha anaweza kuwa na bia mkononi mchana kutwa, mradi asifike 0.08 na asionekane amelewa. Na huko majini ndiko pombe hupanda vibaya zaidi, maana jua, upepo, kelele za injini na kule kutikiswa vyote vinachosha mwili kabla hata ya chupa ya kwanza. Takwimu za Walinzi wa Pwani hazijabadilika kwa hili: kati ya sababu zinazojulikana za ajali za boti zinazoua, pombe ndiyo inaongoza.

Sasa, gari lina kiti cha dereva. Ukigonga, polisi anajua pa kuanzia. Usukani wa boti hupita mikono: huyu anashika kidogo, yule anasema wacha nijaribu, mwenye boti anarudi. Sheria nayo inampima aliyeushika.

Usiku wa Februari 24, 2019, vijana sita walikuwa kwenye boti moja huko South Carolina, wote wametoka kunywa. Yapata saa nane na dakika ishirini boti iligonga daraja la Archers Creek. Mallory Beach, miaka 19, alirushwa majini. Mwili wake ulipatikana baada ya wiki moja. Swali la kwanza la polisi lilikuwa nani alikuwa usukani, na usiku huo halikupata jibu moja. Paul Murdaugh, ambaye boti ilikuwa ya familia yake, alipimwa damu hospitalini: 0.286. Alishtakiwa, akakana, na mwaka 2021 akauawa kabla kesi haijasikizwa. Wengi mnaijua familia hiyo kupitia Netflix. Mimi nilibaki na kitu kimoja kutoka kwa ushahidi wa manusura: walikuwa wamemwomba aache mwingine aendeshe. Akakataa. Abiria wa gari anaweza kuomba ashukie hapo mbele. Wewe utashukia wapi, katikati ya maji, saa nane ya usiku?

Mteja alitaka sehemu ya mwisho iulize: je, wanaweza kuthibitisha kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaendesha? Ni swali halali, mshtakiwa ana haki ya kutetewa, na nililiandika vizuri. Lakini nilimweka Mallory Beach kwa aya ya kwanza. Mhariri wao akamtoa. Aliandika kwamba msomaji wao tayari ana hofu ya kutosha. Pesa ziliingia Ijumaa.

Jumamosi hiyo kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa kinapanga sikukuu ya kuzaliwa ya Achieng': Ziwa Naivasha, boti ya watu wanane, kreti mbili. Mtu akaandika, “Na kapteni tumtoe na mbili tatu.” Emoji za kucheka zikafuata. Nikaomba namba ya mwenye boti, nikampigia.

“Boss, nikuulize tu. Wewe hunywa ukiwa kazini?”

“Mimi hata sinunui. Wateja ndio hunipea. Ukikataa wanasema unaringa, na tip hakuna.”

“Tip huwa ngapi?”

Akacheka. “Kuna siku inashinda mshahara.”

Nikarudi kwa kikundi nikasema tip yake tuichange sasa, imfikie kwa M-Pesa kabla hatujapanda, na ajue hatutamwekea chupa mbele. Mia mbili kila mtu. Hadi jana watatu walikuwa wametuma. Wa nne ameuliza kama hiyo mia mbili inatolewa kwa pesa za kreti.