Tulimwambia Mama Anadeka

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama alipasuliwa kuondolewa uvimbe tumboni, akarudi nyumbani tukamshukuru Mungu. Lakini maumivu hayakuisha. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi, kifungua mimba wake, nikamwambia, "Mama, kidonda kimepona, wacha kudeka." Neno hilo hunichoma hadi leo.

Homa na kutapika vilipozidi, tulimpeleka hospitali nyingine. Picha ya eksirei ilionyesha uzi mweupe tumboni. Daktari alitueleza kwamba vitambaa vya kufyonza damu hutiwa uzi huo makusudi, ili kimoja kikisahaulika kionekane. Mama akapasuliwa tena, kikatolewa.

Muuguzi mmoja alinieleza kinga yake. Watu wawili huhesabu vitambaa, sindano na vyuma kwa sauti kabla ya kupasua, kabla ya kufunga tumbo, na ngozi ikishashonwa. Hesabu isipolingana, kilichopotea hutafutwa, na kisipopatikana mgonjwa hupigwa picha. Shirika la Afya Duniani liliweka hesabu hiyo katika orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka wa 2008.

Siku hizi Mama amerudi sokoni kuuza mboga, na kila jioni huhesabu pesa zake mara mbili. Msomaji, mgonjwa wako akienda kupasuliwa, uliza kwa adabu kama vifaa vitahesabiwa. Na akirudi akisema anaumwa, msadiki.