Bei ya Sikio

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, nikiwa nimesimama kwenye taa za barabarani mjini Manchester, ambako nimekaa miaka ya kutosha kulisahau jasho la Mombasa lakini isiyotosha kuizoea baridi, nilisikia chini ya gari langu mlio wa chuma mithili ya njuga mguuni mwa mchezaji ngoma, mlio uliozidi kila injini ilipotulia na kutoweka mara tu nilipokanyaga mafuta.

Nililipeleka gereji kwa miadi, maana huku gari haliendi kwa fundi ila kwa tarehe. Kijana wa mapokezi aliuandika mlio wangu kwa maneno matatu, kisha akanieleza kwamba nitatozwa saa moja ya uchunguzi, lipatikane jambo au lisipatikane. Nikaketishwa chumba cha kungojea, kwani kanuni zao hazimruhusu mteja kusogea penye gari lililoinuliwa. Nami, niliyelelewa katika desturi ya kuchutama kando ya fundi na kumshikia tochi, nikajiona kama jamaa ya mgonjwa aliyefungiwa mlango wa wodi.

Saa haijaisha, fundi akatoka na karatasi. Kando ya bomba la ekzosi hufungwa bati jembamba la kukinga joto, kwa kuwa kile chombo cha kusafishia moshi hupata moto wa mamia ya nyuzi, na lau si bati hilo, moto huo ungeiunguza sakafu ya gari na vilivyo karibu yake. Bolti za bati langu zilikuwa zimeliwa na kutu, likawa linaning'inia, na mtetemo wa injini iliyotulia ndio ulioligongesha bombani. Wala si ajabu: barabara za huku wakati wa baridi humwagiwa chumvi ya mawe, nyingine ikichimbwa Winsford, katika jimbo jirani la Cheshire, na sisi watu wa pwani, ambao mabati ya mapaa yetu huliwa na upepo wa bahari, hatuhitaji kusomeshwa chumvi hukifanyia nini chuma. Lilikazwa kwa kibano ambacho bei yake haikufika pauni 5. Ile saa ya uchunguzi ilinigharimu zaidi ya mara kumi ya hapo.

Nilinung'unika mwezi mzima, hata safari ya nyumbani iliponifunga mdomo.

Tulikuwa tumetoka Kwale kwa njia ya vumbi, na Probox ya shemeji yangu ikarudi Mombasa na mkwaruzo katika gurudumu la mbele. Fundi wa kwanza alinifurahisha mno, kwani alimhoji shemeji yale ambayo Manchester sikuulizwa na mtu: je, lalia ukikata kona, ukishika breki, likiwa baridi au likishapata moto? Kisha akamwamuru aendeshe taratibu, naye akaandamana nalo kwa miguu, mkono juu ya boneti na sikio ameliinamisha. Akabadilisha breki pedi, mlio ukabaki. Akabadilisha boljointi, mlio ukabaki. Alipotaja beringi, shemeji akageuza gari.

Fundi wa pili, mzee wa Majengo, alifungua gurudumu, akaizungusha diski kwa mkono, akatia bisibisi baina yake na bati lililo nyuma yake, kikaanguka kijiwe kisichozidi chembe ya kunde. Tulipomwuliza ujira wake alitazama chini, kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu, akasema, "Niachieni ya chai, wanangu, sikubadilisha kitu." Shemeji akampa shilingi 200.

Aliyekosea alilipwa mara mbili, aliyepatia akapewa ya chai. Simsingizii yule wa kwanza wizi, hasha. Naamini alichosema alikiamini. Walakini mtu asiyekula ila pametolewa kipuri na kutiwa kingine, sikio lake, pole pole na pasi na yeye kujua, huzoea kusikia vipuri. Uingereza kutazama tu ni kazi yenye bei yake: tangu 1960 iko sheria ya ukaguzi wa magari, na leo gari likitimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, kwa malipo yasiyopita pauni 54.85, na anayekagua aweza kusema halina dosari na bado akapata riziki yake siku hiyo. Nao wana taksiri yao, ya kumchukulia dereva kuwa si shahidi. Lau wangeniuliza, ningewaambia kwamba mlio unakoma nikikanyaga mafuta, na nadhani nusu ya saa ingetosha.

Basi wewe uliye ughaibuni, utakapokwenda likizo na gari la jamaa yako likalia, patana na fundi bei ya kusikiliza kabla hajataja kipuri chochote, na umlipe hata akikwambia hakuna kitu. Mimi nilimrudia mzee wa Majengo siku moja kabla ya kuondoka, nikampa shilingi 2,000. Alizipokea, lakini hakukubali tuondoke mpaka amepima upepo wa tairi zote nne.