Kinywaji Kisicholala

Tufaha ni neno ambalo watu wengi hulitamka bila kuafikiana maana yake. Limetoka katika Kiarabu, na huko ni jina la tunda la nchi za baridi, lile ambalo vijana wa mjini siku hizi huliita epo. Lakini katika Unguja na pwani ya Mrima jina hilo lilikwisha kupewa tunda jingine, jekundu kama waridi, lenye umbo la kengele ndogo, na nyama nyeupe iliyojaa maji na harufu ya marashi. Asili ya tunda hili ni visiwa vya Mashariki ya Mbali, na kwa nasaba ya mimea si jamaa wa tufaha la Ulaya hata kidogo. Jamaa yake wa karibu ni mkarafuu. Basi mtu wa pwani na mtu wa bara waweza kukaa meza moja, wakasifu tufaha kwa saa nzima, na kila mmoja akawa ana tunda lake moyoni.

Shida ya jina haiishi katika tunda. Huendelea katika kinywaji. Waingereza wana kinywaji cha matufaha wakiitacho saida, nacho kwao ni kileo. Wamarekani walichukua jina lilo hilo wakalipa maji matamu ya tufaha yasiyochachuka, ambayo majira ya baridi huchemshwa kwa mdalasini na karafuu, yakanywewa na wazee kwa watoto. Mmarekani atakaye kileo hana budi kuongeza neno, aseme saida ngumu. Jambo hili lisichekwe na watu wa Ziwa Viktoria, maana nao wanalo la kwao. Waganda huita omubisi maji matamu ya ndizi yaliyokamuliwa sasa hivi. Wahaya, ng'ambo ya mpaka, husema olubisi, na kikombe wakupacho ni cha pombe. Maneno mawili yanayofanana kama watoto wa mama mmoja, na kati yao zimepita siku mbili tatu za mtungi kufunikwa. Hapana shaka walimwengu wa kila upande waliona mapema kwamba utamu na ulevi ni jirani wa ukuta mmoja, na majina yakawa yanavuka ukuta huo bila kubisha hodi.

Mwanza haina matufaha yake. Mti wa tufaha hutaka baridi ya kweli, upumzike, upukutishe majani, ndipo uchanue. Nao mji huu uko kusini ya ikweta kwa daraja mbili na nusu tu, juu ya bahari kwa mita kama 1,140, hapana mwezi wa baridi ya namna hiyo. Huko Lushoto na Njombe, katika milima, mti huo hukubali. Matufaha yaonekanayo Mwanza ni wageni waliosafiri mbali. Huuzwa moja moja, yamepangwa na kung'arishwa kwa kitambaa, na aghalabu hununuliwa na mtu aendaye kumtazama mgonjwa. Kuchemsha kilo tatu za tunda la namna hiyo ili kupata jagi moja la kinywaji ni israfu ambayo mama wa nyumba mwenye akili hawezi kuitenda.

Alikuwako katika Kirumba mwalimu wa kike aliyestaafu, mke wa mzee ambaye maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya bandarini. Mzee huyu alikuwa mtu wa watu. Kila Jumamosi jioni wenzake wanne au watano walikaa barazani pake wakinywa bia na kusimulia habari za meli. Kisha ini lake likaugua. Daktari alimwambia maneno machache yasiyo na mlango wa pili: asinywe kileo tena, si kidogo, si siku ya sikukuu. Mzee alitii. Kutii huko hakukumshinda kama wengi walivyotazamia. Kilichomshinda ni Jumamosi. Wenzake walipokuja, wao walishika bilauri na yeye akaletewa kikombe cha chai kama mgonjwa, au chupa ya soda yenye mrija kama mtoto aliyepelekwa harusini. Hakulalamika. Alizidi kunyamaza, na wageni, ambao hawakuwa watu wabaya, waliona haya kunywa mbele yake, wakaanza kukosa wiki moja, kisha wiki mbili.

Wako watu wasemao kwamba aliyeacha ulevi na akimbie hata bilauri, na kwamba kumtengenezea kinywaji chenye rangi ya bia ni kumchezea. Hoja hiyo ina uzito, na kwa baadhi ya watu ni kweli tupu. Lakini mke wa mzee huyu aliishi naye miaka arobaini na alijua kitu ambacho mwenye hoja hakijui: mumewe hakuwa na kiu ya pombe kadiri alivyokuwa na kiu ya kuwa mwenyeji. Mwenyeji hunywa pamoja na wageni wake kitu kilichofanyiwa kazi. Soda haikufanyiwa kazi na mtu wa nyumba ile, ilifunguliwa tu.

Alichokichagua ni nanasi. Mananasi ya Geita huletwa Mwanza kwa wingi; zamani yalingoja kivuko cha Busisi pamoja na abiria, na tangu mwaka 2025 hupita juu ya daraja lililojengwa mahali hapo. Nanasi huliwa nyama yake na maganda hupewa mbuzi, ilhali nusu ya harufu ya tunda imo katika maganda. Yeye aliyatumia maganda na moyo mgumu wa katikati, na nyama ikabaki sahanini kwa wajukuu, hata kinywaji hicho kikawa hakimgharimu tunda lolote.

Kazi yenyewe haina siri, lakini ina taratibu, na asiyezifuata hupata maji ya kahawia yasiyo na sifa. Mananasi mawili yaliyoiva sawasawa, si ya kupondeka, husuguliwa kwa brashi chini ya maji yatiririkayo, maana katika macho ya ganda hukaa udongo. Shungi na kitako hutupwa. Maganda humenywa manene kidogo, yakatiwa sufuriani pamoja na mioyo iliyokatwakatwa na maji lita tatu. Tangawizi mbichi, kiasi cha vidole viwili, hupondwa kwa mchi pamoja na ngozi yake iliyooshwa. Kijiti kimoja cha mdalasini, iliki nne zilizopasuliwa, karafuu sita. Kwa habari ya karafuu alikuwa mkali: "Karafuu ni mgeni mwenye sauti kubwa," alikuwa akimwambia mjukuu wake, "wakizidi sita hamtasikiana." Sufuria hufunikwa, ikachemka taratibu juu ya jiko la mkaa kwa nusu saa. Kisha huepuliwa na kuachwa papo hapo, kifuniko juu, mpaka mkono uweze kuishika. Watu wenye haraka huchuja ikiwa moto, nao hukosa kilicho bora, kwa sababu viungo hutoa mengi wakati wa kupoa. Mwisho huchujwa kwa kitambaa cheupe, sukari ikatiwa kwa kuonja, na ndimu moja ikakamuliwa. Ndimu haiingii motoni, maana moto huifukuza harufu yake.

Katika sufuria hiyo ndogo imo jiografia kubwa. Nanasi ni mzaliwa wa Amerika ya Kusini. Columbus na watu wake walikutana nalo katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika uongozi. Mdalasini jina lake limebeba neno la Kiajemi lenye maana ya mti wa Uchina. Bidhaa za pwani zilifika Mwanza kwa meli kutoka Kisumu, ambako reli iliwasili mwaka 1901, na baadaye kwa reli ya kutoka Tabora iliyoingia mjini mwaka 1928. Tangawizi siku hizi hulimwa katika milima ya Same. Waislamu wa mji huu hukumbuka kwamba Kurani, katika sura ya 76, inakitaja kinywaji cha peponi kilichochanganywa na tangawizi; heshima hiyo mizizi mingine ya bustanini haikuipata.

Kinywaji kikiwa katika bilauri huwa na rangi ya kaharabu, na hukwaruza koo kwa upole. Jumamosi ya kwanza mgeni mmoja alionja, akaitazama bilauri kwenye mwanga, akauliza, "Shemeji, hii imelala siku ngapi?"

"Haikulala hata usiku mmoja," akajibu.

Jibu hilo lilikuwa na maana kuliko alivyodhani muulizaji. Ganda la nanasi lina chachu juu yake, viumbe hai vidogo mno ambavyo chakula chao ni sukari, na katika kula kwao hutoa kileo na hewa. Louis Pasteur, katika miaka ya 1850 na 1860, aliwathibitishia wataalamu wa Ulaya kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Akina mama wapikao pombe kando ya ziwa walikuwa wakizitumia nguvu zao zamani, ila hawakuwa wamewapa jina. Watu wa Meksiko huloweka maganda yale yale mabichi katika maji na sukari, wakangoja siku mbili au tatu, wakapata tepache, ambayo ina kileo kidogo. Tofauti kati ya mtungi wao na sufuria ya Kirumba ni moto tu. Chachu hufa kabla maji hayajachemka. Na ingawa maji ya Mwanza, kwa ajili ya mwinuko wa mji, huchemka kwenye joto la daraja 96 hivi badala ya 100, hizo zatosha na kubaki. Moto huo huo huua ile nguvu ya nanasi bichi iumayo ulimi. Mwaka 1869 daktari wa meno wa Marekani, Thomas Bramwell Welch, alitumia elimu hii kuyachemsha maji ya zabibu ndani ya chupa ili kanisa lake lipate divai isiyolevya. Yeye aliziba chupa kwanza, na hapo ndipo penye jambo. Kinywaji kilichochemshwa kikaachwa wazi si salama milele. Chachu hurudi, kwa hewa, kwa kijiko, kwa chupa isiyooshwa vema.

Hata nyumba hii ilirudiwa nazo. Chupa moja ilisahauliwa nyuma ya pipa la unga, mbali na friji, kwa siku nne za joto la mwezi wa Oktoba. Mzee ndiye aliyeiona. Alipolegeza kifuniko kilitoa sauti, fyuu, povu likapanda shingoni, na harufu ikajaa jikoni. Mkewe alipoingia alimkuta amesimama na chupa mkononi, hajainywa wala hajaiweka. Hapana aliyesema neno kwa muda. Mtu aweza kukaa miaka miwili bila kileo, naye akakutana nacho siku moja katika chupa iliyotoka mikononi mwa mtu ampendaye kuliko wote, tena kwa jina la dawa yake. Mke hakumnyang'anya. Alinyosha mkono tu, akangoja. Mzee akampa, wakatoka wote wawili mpaka kwenye mpapai, naye akaimwaga chini ya mti.

"Imelala," mzee akasema.

"Imelala, baba. Nimekosa mimi."

Tangu siku ile sheria ya nyumba ikawa kwamba kinywaji hupikwa asubuhi ya siku ya kunywewa. Kinachobaki usiku huingia katika friji kikiwa ndani ya chupa iliyosuuzwa kwa maji ya moto, na kesho yake jioni, kikiwa hakijaisha, hutolewa mlangoni. Majirani wengine waliona ni ubahili wa siku, kitu kizuri kumwagwa. Mtu asiye na mgonjwa nyumbani anaweza kusema hivyo. Wasukuma, kama Watanzania wengine wengi, wana togwa, uji uliotiwa kimea, nayo huvumilia siku, ikizidi kuwa kali kidogo kidogo, na hakuna anayeogopa kiasi hicho kwa kuwa kila mnywaji huionja na kujua imefika wapi. Mzee yule hakuwa na ruhusa ya kuonja ili ajue.

Wageni walirudi, si wote. Mmoja alihamia Bunda kwa mwanawe, na mwingine alisema waziwazi kwamba yeye bila bia hakai, akaagana nao kwa wema. Waliobaki walizoea, hata mmoja wao, fundi wa mitambo ya meli katika ujana wake, akataka kujifunza upishi huo. Aliuliza kama wauza matunda wa Mlango Mmoja huyatupa maganda. Akaambiwa huyatupa. Jumamosi iliyofuata alikuja na kapu zima begani, jasho likimtoka, amejaa furaha kama aliyevua sangara. Mama mwalimu alikaa naye kwenye kibao uani, akayageuza maganda moja moja: haya yamekaa juani tangu jana, haya yameguswa na nzi, haya yameanza kunuka utamu. Yaliyofaa hayakujaza sufuria ndogo. Mengine fundi aliyapeleka mwenyewe kwa mbuzi wa jirani, kisha akanawa mikono, akaomba apewe mchi aponde tangawizi.