Diski ya Akiba

Katika shule yetu wako wengi wajuao kuandika kwa kompyuta, lakini ni wachache waliopata kujiuliza maneno yale hukaa wapi umeme ukatikapo. Hukaa katika diski. Ndani ya diski ngumu ya kawaida mna sahani zizungukazo, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo chazisoma bila kuzigusa. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa ya kwanza mwaka 1956: sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, uzito karibu tani moja, nayo haikuchukua zaidi ya herufi milioni 5. Leo picha moja au mbili za simu zajaza nafasi hiyo. Lakini kitu kizungukacho namna hiyo hakina budi kuchakaa, na siku yake haitangazwi.

Nyumbani kwetu Rumonge tuna kompyuta ya mezani, ambayo baba aliinunua imekwisha kutumika, kwa ajili ya hesabu za mawese. Mna hesabu hizo, mna picha za harusi ya dada na picha za karatasi za shamba, tena mna sauti ya bibi.

Yafaa nieleze habari ya sauti hiyo. Bibi, mama yake baba, alikimbia mwaka 1972, machafuko yalipoanza huku Rumonge na Nyanza-Lac, akavuka kwenda upande wa Kigoma. Wakimbizi wa mwaka ule waliporudi, wengi walikuta mashamba yao ya michikichi yanalimwa na watu wengine, nao watu wale walikuwa wamekwisha zaa na kuzika pale pale. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine kusikiliza mashauri hayo. Bibi hakuwa na karatasi hata moja. Alikuwa na kumbukumbu tu: mwembe huu, jiwe lile, kijito kinachokauka kiangazi. Alisimama mbele ya majirani akaitaja mipaka, wazee wakakubali, na shamba likagawanywa nusu kwa nusu na jamaa waliolikuta. Twaishi nao vizuri hata leo. Karatasi tulizo nazo zimetoka katika maneno yake. Mwaka 2023 nilimrekodi kwa simu jioni tatu akiyasimulia yote, nikayatia katika kompyuta. Mwaka uliofuata alifariki.

Basi shemeji yangu, fundi wa kompyuta huko Buyenzi, alipotuletea diski ya gigabaiti 500 iliyotolewa katika kompyuta iliyokufa, nilifurahi kuliko wote. Kazi yenyewe si ngumu. Kwanza huchomoa waya wa umeme, kisha hufungua ubavu wa sanduku, huisukuma diski katika nafasi yake na kuikaza kwa skrubu, halafu huunganisha waya mbili, mmoja wa umeme na mmoja wa kupitisha habari. Ukiwasha, kompyuta huiona, lakini huenda ikataka kuiandaa kwanza. Na kuandaa maana yake ni kufuta. Hapo shemeji alinishika mkono, akaniambia nisome jina na ukubwa wa diski mara mbili, maana wako waliofuta ya zamani wakidhani ni mpya. Tulinakili gigabaiti 40 usiku, wakati ambapo umeme kwetu hauna ubishi mwingi, ikachukua karibu saa moja.

Baba akasema, "Sasa tumepona." Mimi nikasema, kwa heshima, bado.

Diski ya pili ndani ya sanduku lile lile yaokoa jambo moja kubwa: ile ya kwanza ikifa, hupotezi kitu. Pia ukifuta faili kwa bahati mbaya waweza kuirudisha, mradi programu ya kunakili isiwe ya kufuatisha kila kitu, hata kufuta. Lakini mwizi hachukui diski moja akaacha nyingine. Radi nayo haichagui. Na virusi vya kufunga mafaili, kama vile WannaCry vilivyoenea duniani Mei 2017, huweza kufunga kila diski iliyounganishwa. Zaidi ya hayo sisi tuna ziwa. Wazee wasimulia jinsi Tanganyika lilivyopanda katika miaka ya 1960. Nasi tumeona kwa macho, tangu mwaka 2020, maji yakiingia katika nyumba za kando ya ziwa, watu wakihama na magodoro vichwani. Nyumba yetu si mbali na ufuko.

Nikamweleza baba kisa cha Pixar, watengenezaji wa filamu za katuni kule Marekani. Mwaka 1998 mtu alitoa amri iliyofuta sehemu kubwa ya filamu ya "Toy Story 2". Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi. Waliponea nakala aliyokuwa nayo nyumbani kwake Galyn Susman, aliyekuwa akifanya kazi huko akiwa na mtoto mchanga.

Baba alinyamaza kitambo. Shaka yake haikuwa juu ya mashine. "Karatasi za shamba zitoke nyumbani mwangu?" akauliza. Mtu ambaye mama yake alipigania mipaka kwa mdomo ana haki ya kuuliza hivyo, wala sikumbishia. Mwishowe tulitia nakala ya tatu katika diski ndogo ya kubebeka, tukaifunga kwa neno la siri wanalolijua baba na mama tu, nami nikaipeleka kwa shangazi, Bururi, juu milimani.

Huko nilifungua faili moja ambayo haikufungwa kwa siri, ile ya sauti, ili nihakikishe imenakiliwa sawasawa. Shangazi hakuwa ameisikia kabla. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, kisha akasema, "Hapo kwenye kijito mama amesahau. Palikuwa na michikichi miwili, si mmoja. Wa pili aliukata babu yenu." Nikamwomba aseme tena, polepole, nikawasha simu.

Likizo ijayo nitaingiza sauti yake pia, katika diski zote tatu.