Septemba Yetu Huku ni Februari

Kila mwaka shule zikifungua, wazazi wapya wananiuliza maswali yale yale, wengine wananifuata mpaka kwenye bomba la maji na jerikani mkononi. Kwa hiyo mwezi huu naomba mtembee nami njia moja, ile niliyopita Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, siku ya kwanza ya mwaka wa masomo katika Uganda nzima. Nimechagua mwaka huo kwa sababu ya watu niliowakuta getini.

Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na robo, bado giza. Kwa mguu ni mwendo wa saa moja na zaidi kutoka kijiji chetu hadi shuleni. Februari hapa Nakivale ni kiangazi, mvua ya Machi bado haijafika, na vumbi jekundu unalila kabla ya chai. Nilipoteremka kilima, ziwa lilikuwa kushoto kwangu, limetulia kama sahani, mafunjo yamesimama pembeni. Wavuvi walikuwa wanarudi. Saa hiyo viboko nao wanarudi majini, kwa hiyo watoto wa upande ule hawapiti kando ya maji hata kama ndiyo njia fupi. Kulia, migomba. Wilaya yetu ya Isingiro ni wilaya ya matoke, na asubuhi hiyo lori moja lililojaa mikungu lilinipita likielekea Mbarara likaniacha mweupe wa vumbi, mimi na shati langu nililopiga pasi ya mkaa usiku kwa ajili ya siku ya kwanza.

Kulipopambazuka barabara ilijaa watoto. Mtu asiyejua Uganda angeshangaa: kila mmoja kichwa kimenyolewa, wavulana na wasichana sawa, na karibu kila mmoja amebeba fagio. Fagio jipya, la njiti. Wengine na jembe. Ndugu msomaji ambaye umefika juzi, hiyo si kazi ya adhabu. Shule nyingi za huku zinaagiza vitu hivyo siku ya kufungua, kwa sababu ni watoto wenyewe wanaofagia madarasa na kulima bustani. Nilikuta wadogo wawili wanashikana fagio moja, mmoja huku mmoja kule, wanabishana mwalimu ataliandika kwa jina la nani.

Basi, kwa nini Februari? Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Kongo shule inaanza Septemba. Burundi pia Septemba. Uganda inaanza mwanzoni mwa mwaka, mara nyingi Februari, na mwaka umegawanyika mihula mitatu hadi Desemba. Ukifika hapa mwezi wa tisa na mtoto wako tayari kwa kuanza darasa jipya, unakuta wenzake wanaingia muhula wa tatu, wa mwisho, na wa darasa la saba wako mbioni kwa mtihani wao wa PLE wa Novemba. Ukifika Januari kama wale wa 2025, mtoto wako amekata masomo katikati, na huku ndiyo kwanza wanafungua. Wazazi wengi wanasema, basi tungoje, tutamwandikisha mwaka ukianza. Nawaomba msingoje. Nimeona mtoto aliyengojeshwa miezi mitano akazoea kuchunga mbuzi wa watu na kupata hela kidogo, na Februari ilipofika hakuna aliyeweza kumtoa kwa wale mbuzi.

Niliyowakuta getini ni mama mmoja na watoto wake watatu. Walikuwa wamekimbia Masisi mwanzoni mwa Januari, wakapita Bunagana, wakalala Nyakabande kule wilaya ya Kisoro, ndipo wakaletwa Nakivale. Goma yenyewe ilikuwa imeangukia mikononi mwa M23 wiki moja tu iliyopita, na redio zote sokoni zilikuwa hazizungumzi kitu kingine. Mama hakuwa na mfuko wala mkoba. Alikuwa na bahasha ya plastiki, ile ya kufungia sukari, na ndani yake karatasi.

Akaniambia, "Mwalimu, nyumba niliacha, sahani niliacha, hata viatu vyangu niliacha. Lakini buletini za batoto nilibeba."

Nilizisoma zote. Mvulana alikuwa na miaka kumi na miwili, ya sita, hesabu nzuri sana, Kifaransa kizuri, tabia nzuri. Dada yake miaka tisa, ya tatu. Mdogo wao hakuwa na buletini, alikuwa na miaka sita na kidole mdomoni.

Hati si lazima, nataka mlielewe hili vizuri. Mtoto asiye na karatasi yoyote anaandikishwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mwenyeji, na ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa tangu mpango wa UPE ulipoanza 1997. Lakini msidanganyike pia kwamba hakuna kinachoombwa. Kuna mchango wa uji, kuna yunifomu, kuna madaftari. Mwezi Mei mwaka ule ule WFP ilisimamisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapata milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha, na mchango mdogo wa uji ukawa mlima kwa nyumba nyingi. Usipokuwa nacho, njoo mwenyewe useme na Mwalimu Mkuu. Kumficha mtoto nyumbani kwa aibu hakulipi uji.

Karatasi hazikumsaidia mama yule kwa jambo alilolitaka. Kuna jaribio la kumpangia mtoto darasa, na linaandikwa kwa Kiingereza. Nilikaa na yule mvulana chini ya mti, kwani madarasa yalikuwa yanafagiliwa. Kugawanya, kuzidisha, sehemu, alimaliza haraka kuliko nilivyosahihisha. Ukurasa wa pili ulikuwa maswali ya maneno: mfanyabiashara ana trei ngapi za mayai, amevunja ngapi, amebakiwa na ngapi. Aliutazama muda mrefu. Kisha akaweka biki chini taratibu, akaikunja karatasi mara mbili.

Akapangiwa P4. Dada yake P2. Mdogo akaingia P1 akicheka.

Mama aliniangalia mimi, si Mwalimu Mkuu. "Mtoto wa ya sita banamurudisha ya ine? Alikosa nini?"

Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Mimi mwenyewe nilifika hapa 2012 nikitokea Rutshuru, nikiwa na miaka kumi na moja, niko ya tano. Februari 2013 nikakalishwa P3. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Watoto wa miaka minane waliniita mzee. Wiki ya pili niliacha, nikawa natoka nyumbani asubuhi na daftari kisha nakwenda ziwani kutazama wavuvi, mpaka mtu akamwambia papa. Hakunipiga. Alinisindikiza siku nne mfululizo, akisimama nje ya dirisha mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Sijui aibu yake ilikuwa ndogo kuliko yangu au kubwa. Nilimaliza S4 mwisho wa 2022 nina miaka ishirini na moja, na sehemu ya huo umri si ya Kiingereza, ni ya korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguka kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022, na wasichana kadhaa niliosoma nao hawakurudi tena, tayari walikuwa na watoto mgongoni.

Kwa hiyo nasema kama mtu aliyepita humo: jaribio lile linapima Kiingereza, halipimi darasa. Mtoto hakusahau hesabu alipovuka mpaka. Ningekuwa na uwezo ningewapa wapya muhula mmoja wa lugha tu, kisha ndiyo wapangwe. Uwezo huo sina. Ninachojua ni kwamba mtoto mwenye msingi mzuri, Kiingereza kikifunguka, anaweza kuruka darasa, na mzazi ana haki ya kuja mwisho wa muhula kuuliza apimwe tena. Wachache wanakuja kuuliza. Na kwa wale waliokwisha kuwa wakubwa, kuanzia miaka kumi hadi kumi na minane, kuna masomo ya kuharakishwa ambayo watu wanayaita AEP: miaka saba ya msingi inabanwa kuwa mitatu. Msichana wa miaka kumi na tano asikae na watoto wa miaka minane. Akae na wenzake.

Jambo la lugha lina mambo yake ya kuchekesha. Mtaala wa Uganda unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, na kutoka P4 Kiingereza ndicho kinashika. Haya, katika darasa lenye Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kibembe, Kihunde, Kinyankore na wengine sijui, lugha ya eneo ni ipi? Nakivale imepokea wakimbizi tangu Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959, kambi ikatangazwa rasmi 1960, na tangu hapo kila vita ya jirani imeleta lugha yake. Kazi yangu kama msaidizi wa darasa ni kusimama kando ya ubao. Mwalimu anasema "twelve", mimi nasema kumi na mbili, na mtoto wa Kisomali aliyejifunza Kiswahili sokoni anamnong'oneza mwenzake kwa Kisomali. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Vitabu na walimu havijawa vingi kama tamko, lakini uwanjani wakati wa mapumziko Kiswahili kimeshinda bila kusubiri mawaziri.

Turudi kwa mama yetu. P4 aliimeza kwa shida, lakini kilichomtoa machozi ni nywele. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amesukwa vizuri, mistari myembamba, na mwalimu wa zamu akasema hiyo lazima iondoke. Mama akasema hizo nywele zilisukwa na bibi yake kule nyumbani, siku moja kabla ya kukimbia, na bibi hakuweza kutembea nao. Tulinyamaza wote. Mwalimu wa zamu, ambaye ni mama wa Kinyankore na sura yake kali, akasema aingie darasani hivyo hivyo mpaka Ijumaa, yeye hajaona kitu. Ijumaa mama alifumua mwenyewe, usiku, akamnyoa. Uzi aliotumia bibi aliufunga ndani ya bahasha ile ya plastiki pamoja na buletini.

Mvulana alikuja Jumanne. Alikaa nyuma kabisa, mrefu kuliko wote, akaandika kila kilichokuwa ubaoni pamoja na tarehe kwa mwandiko wa Kikongo, ule wa kuunganisha, na watoto wakamzunguka kuutazama. Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Nikaijua ile hesabu.

Ijumaa baada ya vipindi nilikwenda kwao. Walikuwa bado wanakaa kwenye kituo cha mapokezi, ile banda ndefu, familia na familia zimetenganishwa kwa shuka. Alikuwa nje anamenya maharage. Nikaketi, nikamenya naye. Sikumwambia habari za shule. Nilimwambia habari za wavuvi, na jinsi nilivyojua majina ya mitumbwi yote mwaka 2013. Akauliza, "Na papa yako alikuwa anasimama dirishani kweli?" Nikasema kweli. Akauliza kama watoto walicheka. Nikasema walicheka siku ya kwanza na ya pili, ya tatu walichoka.

Papa wake yeye hayupo, sikuuliza yuko wapi.

Jumatatu ya pili nilikuwa zamu ya getini. Vumbi lile lile, mafagio yale yale. Alikuja amechelewa kidogo, amemshika mkono mdogo wake, dada yuko mbele na kichwa kinang'aa. Fagio la njiti hawakuwa na pesa ya kununua. Alikuwa ametengeneza la majani makavu ya kandokando ya njia, amelifunga kwa kamba ya gunia, limejaa kuliko la dukani. Akanipa nimwandikie jina, akasema niandike la wote watatu.