Ukuta Kabla ya Maji: Safari ya Uani, Malindi

 

Juma hili tunawaalika mtufuate Malindi, uani kwa mpwa wetu. Yeye ni mtoto wa dada yetu mkubwa, ana watoto wanne, na alikuwa ameanza kuchimba kidimbwi cha kuogelea nyuma ya nyumba yake. Alitupigia simu usiku, sauti yake ikiwa nzito. Mama yake, anayeishi naye, alikuwa amekwisha kufunga nguo zake. Alisema kwamba siku maji yatakapotiwa katika shimo lile, yeye hatalala tena chini ya paa lile.

"Mjomba, njoo useme naye," alituambia. "Wewe atakusikia."

Sababu ya maneno ya dada yetu tulikuwa tukiijua, na tutaieleza mahali pake.

Tuliondoka Mombasa baada ya Sala ya Alfajiri. Njia ya Malindi ni takriban kilomita 120: unapita Mtwapa, unapita mashamba ya katani ya Vipingo, unavuka daraja la Kilifi, kisha unafuatana na msitu wa Arabuko-Sokoke hata ufike Gede. Hapo tulishuka, maana hatukutaka kufika kwa dada yetu kabla ya kutuliza fikira.

Magofu ya Gedi wengi wenu mmeyaona mkiwa wanafunzi. James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliyatia katika Urithi wa Dunia. Safari hii hatukutazama mihirabu wala makaburi, tulitazama maji. Msikiti Mkuu una kisima chake na birika lake la kutawadhia. Nyumba zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa zina nyua zilizozungushiwa kuta, na ndani mna mahali pa kuogea. Wazee wetu waliyaleta maji karibu na watu wa nyumbani, lakini hawakuyaacha wazi: kwanza walisimamisha ukuta, ndipo wakaoga nyuma yake. Msomaji wa Lamu naye atakumbuka birika la nyumba za kale, na visamaki vilivyotiwa ndani vipate kula viluwiluwi vya mbu. Maji yaliyosimama yana adabu zake, na watu wale walizijua.

Gedi ina funzo la pili. Kufikia karne ya 17 mji ule ulikuwa umehamwa, na baadhi ya wataalamu hutaja kushuka kwa maji ya visima miongoni mwa sababu. Kumbe maji ni mgeni, yaja na yaondoka. Tulipanda gari tukiwa na hilo moyoni.

Kwa mpwa wetu tulikuta shimo la mita nane kwa nne. Mlango wa jikoni ulikuwa ukifunguka moja kwa moja juu yake. Dada yetu alikuwa ameketi barazani, upande wa mbele, ameupa uani mgongo. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Nduyangu, wewe wajua. Mimi sina haja ya kukueleza."

Ni kweli, tunajua. Tulikuwa na miaka tisa, na ndugu yetu mdogo alikuwa na miaka mitatu. Mama alikuwa jikoni akikuna nazi, dada ametumwa dukani, na sisi tuliachiwa kazi moja tu, kumtazama mtoto. Kisima cha uani kilikuwa na ukingo usiofika goti la mtu mzima, na kifuniko chake cha bati kilikuwa kimeondolewa asubuhi ile ili watu wateke. Tulikwenda mlangoni kuwatazama wenzetu wakicheza mpira. Hatukukaa sana. Hatukusikia kilio wala kishindo, kwani mtoto anayezama hapigi kelele. Aliyemtoa alikuwa jirani. Wazee walimgeuza kichwa chini, miguu juu, kama ilivyokuwa desturi, lakini hakurudi.

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakutulaumu hata siku moja. Dada naye hakutulaumu. Lakini tangu siku ile hajaacha ndoo ya maji bila kifuniko, na sisi hatujapita karibu na kisima bila kuutazama ukingo wake. Kadari ni ya Mwenyezi Mungu, nasi tumeridhia. Hata hivyo ukingo wa kisima kile ulikuwa juu ya wanadamu kuujenga, na haukujengwa.

Tulikaa na mpwa wetu na mkewe baada ya Adhuhuri. Mkewe, mwanamke mpole aliyelelewa Malindi, alisema neno lililotushika. "Mjomba, mimi nimezaliwa hapa. Kila usiku nasikia bahari, na sijui kuelea. Ufuoni siwezi kujifunza mbele ya watu. Nami sitaki binti zangu wawe kama mimi."

Neno hilo si dogo. Kuogelea si anasa ya watu wa ng'ambo. Imamu Nasai amepokea hadithi inayohesabu kujifunza kuogelea miongoni mwa michezo michache isiyokuwa upuuzi, na maneno ya kuwahimiza wazazi wawafunze watoto kuogelea ni mashuhuri kunasibishwa na Sayyidna Umar (r.a.). Mabinti zetu hawakutolewa katika kheri hiyo. Kinachowazuia ni kukosa sitara, na uani, katika nyumba zetu za pwani, ndipo mahali pa sitara tangu zamani. Kwa hiyo hatukuweza kumwambia mpwa wetu afukie shimo.

Wala hatukuweza kumwambia dada yetu kuwa hofu yake ni ya bure. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tukakumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Daud, inayomwonya mtu alalaye juu ya sakafu ya dari isiyokuwa na kizuizi pembeni. Aliyefanya hivyo ameitupa dhima ya kulindwa. Ikiwa dari yataka kizuizi kwa mtu mzima aliyelala, kidimbwi chataka nini kwa mtoto aliye macho?

Alasiri tulitoka uani pamoja na fundi, mkanda wa kupimia mkononi. Tulimwuliza ukuta wa kuzunguka kidimbwi utajengwa lini.

"Sheikh, huo ni wa mwisho," alijibu. "Kazi ikisha, maji yakiingia, ndipo tutaona kama fedha zimebaki."

Hapo ndipo tulipoona kosa la nyumba nyingi. Watu huanza na maji na kumalizia na usalama, na fedha zikipungua kinachoachwa ni usalama. Tulimwomba mpwa wetu apindue mpango: ukuta kwanza, maji mwisho, na fedha zikipungua, shimo likae kavu.

Ukuta wenyewe una sharti zake. Uzunguke pande zote nne, na ukuta wa nyumba usihesabiwe kuwa upande mmojawapo, kwa sababu mlango wa jikoni ndio njia ya mtoto. Usipungue mita 1.2 kwenda juu, na mrefu zaidi ni bora. Ukiwa wa vyuma, nafasi baina ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, na pasiwe na vyuma vya kulala ambavyo mtoto atavifanya ngazi. Lango lifunguke kuelekea nje, lijifunge lenyewe likiachwa, na komeo liwe juu, kiasi cha mita moja na nusu. Kiti, ndoo wala chungu cha maua kisiwekwe karibu nalo. Mchezo ukisha, mipira yote itolewe majini, maana mtoto haendei maji, aendea mpira.

Kina tulikubaliana kianzie nusu mita na kushuka polepole hata mita 1.4, bila shimo la ghafla. Ngazi ziwe pana, zenye mahali pa kushika, na sakafu ya pembeni iwe ya kukwaruza kidogo, si vigae vinavyoteleza. Matundu ya kutolea maji chini yawe mawili yaliyotengana, yenye vifuniko imara, kwani tundu moja linalovutwa na pampu laweza kunasa nywele au mwili wa mtoto. Dawa ya klorini ikae katika stoo iliyofungwa, wala isichanganywe kamwe na asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Umeme wa pampu ufungwe na fundi wa umeme mwenye leseni.

Upande wa sitara, mke wa mpwa wetu alipanda hadi dirisha la juu la jirani, kwa idhini ya mwenye nyumba, akatazama chini. Aliona kila kitu. Ukuta wa uani ungeinuliwa vipi ulingane na ghorofa? Fundi akashauri kuezeka makuti juu ya upande ule, na hilo likaleta kivuli cha alasiri pia. Mkungu uliokuwa karibu tuliuacha, ila kidimbwi kikasogezwa mbali nao, kwa maana majani yake hayaishi kuanguka. Siku za wanawake na siku za wanaume zikapangwa, na ikakubaliwa kuwa maji yatakayotolewa yasielekezwe kwa jirani. Dini yetu haikubali kudhuru.

Lakini tuliona lazima tuzungumze juu ya maji yenyewe. Tulihesabu pamoja na watoto: mita nane kwa nne, kwa kina cha wastani cha mita 1.2, ni lita 38,400. Hiyo ni mitungi 1,920 ya lita 20. Binti mkubwa alinyamaza, kisha akauliza, "Babu, mama anayetuletea maji kwa mkokoteni, hiyo ni safari ngapi?" Maji ya bomba ya Malindi yatoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, na mto huo huo wanywesha Kilifi na Mombasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi. Mwenye kuyakumbuka hayo atapunguza. Kidimbwi kikafupishwa kuwa mita sita kwa tatu, na kwa kina kile kile kitachukua lita 21,600. Kitajazwa kwa maji ya kisima, yachujwe na yatumike tena na tena badala ya kumwagwa, na kifunikwe kisipotumika ili jua lisiyanywe. Kila mtu ataoga kabla ya kuingia. Hata kifuniko hicho si mlinzi wa mtoto. Mlinzi ni ukuta, na jicho la mtu mzima.

Jicho hilo ndilo tulilolisisitiza mno. Mtu mmoja atajwe kwa jina: sasa ni zamu yako. Asishike simu wala asipike, na wala asiachiwe mtoto mwenzake zamu hiyo. Tulipolisema hilo tulimwona dada yetu amesimama mlangoni, akisikiliza.

Tena mama wa nyumba ajifunze kuogelea kabla ya watoto wake, kwani baba akiwa kazini, yeye ndiye aliyepo. Asiyejua asirukie majini, maana huenda wakafa wawili. Arushe kamba, au dumu tupu lililofungwa. Aliyetolewa asigeuzwe kichwa chini wala asibonyezwe tumbo. Asipopumua, apuliziwe pumzi na kukandamizwa kifua, huku msaada ukiitwa. Msalaba Mwekundu wa Kenya hufundisha huduma hiyo ya kwanza, na siku chache za mafunzo si nyingi kwa uhai wa mtoto.

Usiku dada yetu alitoa uamuzi wake. "Ajenge ukuta. Kisha mleteni mdogo wao, nimwone akishindwa kuufungua. Akishindwa, nitafungua nguo zangu."

Baada ya wiki nne tulirudi. Ukuta ulikuwa umesimama na shimo lilikuwa kavu. Dada yetu aliutupa mpira ndani, akamwacha mjukuu wake wa miaka mitatu langoni. Mtoto akasukuma, akatikisa, akajaribu kupanda, akalia. Lango halikufunguka. Kisha dada akalifungua mwenyewe na kuliachia mara tano, na mara tano likajifunga. Mara ya sita likakwama kwenye mchanga.

"Mwite fundi," akasema.

Fundi alikuja, akainua bawaba na kusafisha kizingiti. Dada akaanza tena kuhesabu, tangu moja, hata akafika ishirini.

Maji yalitiwa juma lililofuata, na sisi hatukuwapo. Mpwa wetu alitueleza kwa simu kuwa mwalimu wa kike anakuja mara mbili kwa juma, na kwamba mwanafunzi wake wa kwanza ni mkewe. Tukamwuliza habari za mama yake. Akasema kila jioni watoto wanapoogelea huchukua kiti chake, hufunga lango nyuma yake, akakaa ndani ya ukuta, karibu na maji, akiwatazama.

Ndugu zetu, yeyote mwenye kisima, tangi, pipa au kidimbwi nyumbani, atoke leo akautazame ukingo wake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na awarehemu waliotutangulia, wadogo kwa wakubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.